Bingwa wa kwanza wa magongo ya ndani Ulaya

Bingwa wa kwanza wa Ulaya wa mpira wa magongo (hoki) wa ukumbini ni Ujerumani Magharibi, 1974, tena kwao Berlin. Anayesema ni 1970 amechanganya mashindano mawili: 1970 ni ya uwanja wa nje, yaliyofanyika Brussels. Kosa linaeleweka, maana hata hayo walibeba wao wao.

Haya ya ndani ya wanaume waliyafanya kama shamba la babu. Kila kombe lao, hadi Urusi ilipolichukua 2008. Sababu kubwa ni baridi: majira ya kipupwe klabu za Ujerumani husimamisha ligi ya nje na kuingia ukumbini, wana ligi kamili ya huko. Wachezaji wanakua na michezo yote miwili.

Na msidhani ni mchezo uleule ulioezekwa paa. Wanacheza sita kwa sita, kipa akiwemo. Mpira unasukumwa tu, kuupiga kwa kuvuta gongo nyuma ni faulo, na hauruhusiwi kuinuka isipokuwa unapofunga. Pembeni kuna mbao, unaweza kumgongeshea mwenzako mpira kama meza ya pool. Mimi nimecheza magongo ya nje shuleni, siku ya kwanza ukumbini nilipulizwa filimbi mpaka nikaona haya.

Ila siku hizi Ujerumani hawatambi peke yao. Austria waliwafunga fainali ya Kombe la Dunia la ndani 2018, na ilikuwa Berlin hiyohiyo.