Dishi la RV: angalia anga la kusini kwanza, mambo ya kununua baadaye

Wiki hii kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia kutoka Ohio. Kanunua RV ya mkononi (lile gari lenye nyumba ndani, la kusafiria na kulala humo), na muuzaji anamkazania alipie dishi la kufungwa juu ya paa kabla hajaitoa pale. Ananiuliza, "Kaka, nifunge hilo la juu au nitafute la kubeba? Mi sitaki kukosa mpira." Nikaona hili nilijibu hapa hapa, maana najua tuko wengi tunaotaka kuizunguka hii nchi na familia bila kuikosa mechi ya Jumamosi.

Nunua la kubeba, mdogo wangu.

Satelaiti za TV zimekaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kwa anayeangalia toka chini ni kama hazihami. Sisi tuliokulia Dar tumezoea kuona dishi la DStv limelala karibu chali likiangalia utosini, kwa sababu ikweta iko jirani na satelaiti yenyewe iko juu ya vichwa vyetu. Huku Marekani tuko kaskazini, kwa hiyo dishi linatazama kusini, na kadri unavyozidi kupanda kaskazini ndivyo linavyozidi kuinama. Watu wengi wa RV wanatumia DISH, kampuni ya TV ya satelaiti, na kundi la satelaiti zake za magharibi liko kwenye longitudo ya nyuzi 110, 119 na 129 magharibi. Ukiwa chini kabisa Texas, karibu na mpaka wa Mexico, ile ya 119 iko juu nyuzi 50 na kitu kutoka upeo wa macho, miti haikusumbui sana. Nenda misitu ya Olympic kule jimbo la Washington, kaskazini-magharibi, satelaiti ile ile imeshuka mpaka nyuzi 35 hivi, hapo mti mmoja tu upande wa kusini umekumaliza. Hesabu ninayotumia mimi ni mara moja na nusu, yaani kama mti una futi 100 basi dishi likae futi 150 mbali nao.

Sasa dishi la paa linakwenda linakokwenda gari. Mwezi wa saba unaegesha chini ya mti ili watoto wapate kivuli na AC isifanye kazi mchana kutwa, na dishi nalo liko chini ya mti hapo hapo. Ukiwa na la kubeba, gari unaliacha kivulini, dishi unalipeleka juani na kebo yake. Mimi natembea na kebo ya futi 50, sipendi kuzidisha kwa sababu haya madogo yanachukua umeme kutoka kwenye kisimbuzi kupitia hiyo hiyo kebo, na ikirefuka sana umeme unafika umechoka.

Huko Olympic ndipo nilipoheshimika. Kempu yote ni misonobari inayoziba anga, na jirani yetu alikuwa mzee mmoja wa Kimarekani mwenye basi kubwa lenye dishi la paa la bei mbaya. Jioni akaniona nabeba dishi langu, lina ukubwa wa ndoo kubwa, akacheka akasema hako katoto hakatashika kitu msituni. Sikumjibu. Nikatoa simu nikafungua dira, nikatembea ukingoni mwa kempu mpaka nikapata mwanya kati ya miti, kusini kweupe kabisa, nikaliweka chini. Mechi ya mapema ya Jumamosi, ile ya saa sita na nusu mchana kwa saa za London, kule pwani ya magharibi ni saa kumi na nusu alfajiri. Nikaamka gizani, nikalifuta umande kwa kanga ya mama watoto (umande na matone ya mvua juu ya lile kuba linalolifunika dishi vinapunguza nguvu, lifute kila asubuhi), nikawasha kisimbuzi, nikalisikia ndani yake linazunguka linanguruma taratibu linatafuta, likanyamaza, picha ikaja safi. Yule mzee alikuja kugonga mlango mapumziko hata hayajafika, akaangalia na sisi, mke wangu akampa chai ya tangawizi. Nasema hivi kwa sababu siku nanunua RV yangu muuzaji aliniangalia juu mpaka chini akaniambia mteja kama mimi antena ya kawaida ingenitosha. Hilo neno bado sijalimeza.

Kitu kingine ambacho watu wanalia nacho bure ni tundu la kuchomekea. Fungua kale kadirisha ka nje ya RV, mara nyingi utakuta matundu mawili, moja la cable na moja la SAT. Chomeka la SAT. Lile lingine kwenye magari mengi linapitia busta ya antena na splita, dishi halipati umeme na kisimbuzi hakioni kitu, halafu mtu anamwita fundi amlipe kwa kazi ya kuhamisha kebo. Na ukibadilisha chaneli picha ikachelewa, usianze kupiga kuba, ndani kuna dishi moja linalogeuka toka satelaiti moja kwenda nyingine.

Ndugu zangu, tuache kununua vitu kwa maneno ya mtu anayelipwa kamisheni. Umebeba maboksi, umefanya overtime za usiku, umejinyima mpaka ukapata hilo gari, halafu mtu hajui hata unakokwenda anakupangia. Simama mwenyewe uangalie kusini. Hata kempu ukibuku, mpigie mhudumu umuulize sehemu gani ina kusini wazi, wanajua. Jangwani kama Quartzsite, Arizona, hutahangaika kabisa. Starlink, ile intaneti ya satelaiti, nayo ni nzuri ila hapa yenyewe mara nyingi inataka kaskazini kweupe, usije ukafikiri nafasi inayofaa hii itafaa na ile.

La mwisho, na hili kwa mtu wa mpira ni muhimu. Ligi Kuu ya Uingereza huku iko NBC na USA Network, nyingine Peacock ambako lazima uwe na intaneti. USA Network utaipata popote dishi linaposhika. NBC ni chaneli ya mji, mawimbi yake yanamulika eneo lako tu, ukisafiri mbali inapotea mpaka upige simu wabadilishe anwani. Sheria ya mwaka 2019 iliwabana wateja wengi kupewa chaneli hizo kutoka mji mwingine, lakini watu wa RV na madereva wa malori waliachiwa nafasi. Kwa hiyo siku unafungua akaunti waulize kama wanayo fomu ya mwenye RV ya kuomba chaneli hizo, uwe na nakala ya usajili wa gari mkononi, na jina la kwenye usajili lifanane na la kwenye akaunti.