Rehema, omba kwa jina lako mwenyewe

Morogoro

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeisoma, kisha nikampa mama yako naye akaisoma. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama mtu anayepima usugu wa mbu kwa dawa za kuwaua anastahili kweli viza ambayo Waingereza wameitenga kwa ajili ya wenye vipaji vya kipekee, kama si afadhali ungoje chuo kikudhamini, na lile uliloliweka mwishoni kabisa, kwamba ukipata ukaazi wa kudumu huko Liverpool ndiyo utakuwa umetukimbia. Nitayajibu yote, ila hilo la mwisho ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Jibu langu ni kwamba uombe. Omba hiyo Global Talent, usingoje udhamini wa chuo, na usisubiri viza yako ya mhitimu ifike ukingoni. Muda unaokaa kwa viza ya mwanafunzi au ya mhitimu hauhesabiwi kwenye safari ya ukaazi wa kudumu ya Global Talent. Kila mwezi unaouacha upite sasa ni mwezi utakaoukaa tena baadaye.

Chuo kikikudhamini, utapata viza ya Skilled Worker, yaani ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na viza hiyo imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikikatika, mwajiri analazimika kuwaarifu watu wa uhamiaji, na kwa kawaida unabakiwa na siku 60 utafute mdhamini mwingine au ufungashe. Wewe unaishi kwa mikataba ya miaka miwili, mitatu, inayotegemea ruzuku. Miaka yangu yote chuoni nimeona watafiti wazuri wakinyamaza mbele ya mkuu wa mradi anayewaonea, wakikubali majina yao yashushwe kwenye makala, kwa kuwa kibali cha kukaa nchini kilikuwa mikononi mwake. Sisemi mkuu wako yuko hivyo. Nasema sitaki ufike mahali ambapo hali yako itategemea uungwana wake.

Global Talent ni ya kwako mwenyewe. Haidai barua ya ajira wala kima cha mshahara. Unaweza kuhama chuo, kufundisha, kufungua kampuni yako, au kufanya kazi mbili kwa pamoja, bila kumwomba mtu kibali. Na ukaazi wa kudumu kwa mtafiti unafunguka baada ya miaka 3, wakati kwa Skilled Worker ni 5. Njia hii walianza nayo mwaka 2011 kwa jina lingine, ikiwa na ukomo wa idadi ya watu kila mwaka. Februari 2020 wakaibadilisha jina na kuuondoa ukomo huo.

Sasa hilo la kipaji. Umemfikiria mshindi wa Nobel, ukajitazama, ukasema si mimi. Washindi wa Nobel wana njia yao: tangu 2021, mwenye tuzo iliyomo kwenye orodha ya serikali hahitaji hata kuidhinishwa. Wengine wote wanapimwa na vyombo vinavyoijua fani yao. Royal Society inatazama sayansi asilia, Royal Academy of Engineering uhandisi, British Academy sayansi za jamii na taaluma za kibinadamu, Arts Council England sanaa, Tech Nation teknolojia ya kidijitali, na UKRI, shirika la umma linalofadhili utafiti, inawatazama watafiti walioajiriwa kwa ruzuku. Kanuni zinawapokea waliokwisha kuongoza katika fani na wale wanaoonekana kuelekea huko. Kwenye sanaa na teknolojia, hao wa pili husubiri miaka 5 kabla ya ukaazi wa kudumu. Kwenye utafiti, wote ni 3. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima uwe mashuhuri.

Mtafiti ana milango minne. Wa kwanza ni wa waliopewa nafasi za juu chuoni, wa pili ni wa waliopata ufadhili binafsi wa utafiti ulio kwenye orodha yao. Hiyo si yako bado. Wa nne ni kupimwa na wanasayansi wenzako, kwa barua za mapendekezo na wasifu wako, na ndio ambao rafiki zako wanauzungumzia kana kwamba hakuna mwingine. Wewe uende kwenye wa tatu. Mradi wako unalipwa na Wellcome, ule mfuko wa hisani unaofadhili utafiti wa afya, na Wellcome imo kwenye orodha ya wafadhili wanaotambuliwa na UKRI. Ruzuku inatakiwa iwe ya angalau pauni 30,000 na ya angalau miaka 2. Ya kwako inapita hapo bila shida. Halafu jina lako, au walau cheo chako cha kazi, kiwe kimetajwa kwenye maombi ya ruzuku yaliyokubaliwa. Hilo ndilo la kuhakikisha kwanza. Mwombe mkuu wa mradi akuonyeshe ukurasa huo kwa macho yako. Chuo nacho kitaandika tamko kuthibitisha kazi unayoifanya. Hakuna barua za sifa, hakuna kujieleza kwa kurasa nyingi.

Najua mlango huu hauna fahari. Mtu anapenda kusema amepitishwa na Royal Society. Lakini viza inayotoka ni ile ile, na miaka ya kungoja ni ile ile. Chagua ulio wazi.

Ikitokea jina lako halimo na ukalazimika kwenda kwenye mlango wa nne, basi nisikilize kama mtu aliyekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo. Barua inayosema "ni mchapakazi, ana bidii, ni wa kipekee" hupita mbele ya msomaji bila kuacha alama. Inayosaidia ni ile inayotaja kitu kimoja ulichokifanya, namna kilivyofanyika kabla yako, na nani sasa anakifanya kwa njia yako. Wewe unacho kitu hicho: ule upimaji wako wa usugu kwa mbu wa Anopheles funestus, wale waenezao malaria, upimaji ambao vijana wa Kilombero wanautumia leo. Mwache anayekuandikia aandike kwa maneno yake. Barua tatu zenye mkono mmoja hutambulika mara moja. Na wakikukatalia, una siku 28 za kuomba waipitie upya, bila malipo, ila hutaruhusiwa kuongeza ushahidi mpya. Ndiyo maana usipeleke kitu kikiwa nusu.

Yule wakala aliyekuahidi kukutafutia tuzo na kukuandikia makala mbili kwa jina lako, mkate kabisa. Usimjibu hata kwa adabu. Uingereza, mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo pasipo kusajiliwa ni kosa la jinai. Wanaoruhusiwa husajiliwa na Immigration Advice Authority, au ni mawakili. Na mwombaji aliyetumia udanganyifu anaweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Lakini hata wasingekuwa na adhabu, Rehema, wewe ni mwanasayansi. Watu wanalala chini ya vyandarua vilivyochaguliwa kwa kutegemea namba kama zako. Jina lililowekwa kwenye makala ya kununua halifai tena kuwekwa kwenye namba hizo.

Nije kwa lile la kutukimbia.

Kanuni inasema anayetafuta ukaazi wa kudumu asiwe nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Uliponiambia hivyo kwenye simu nilidhani ndiyo mwisho wa kazi yako ya Kilombero, nami nilisikitika. Kisha nikaendelea kusoma. Kwa walioidhinishwa na vyombo vya utafiti, UKRI ikiwemo, siku ulizokaa nje kwa ajili ya kazi ya utafiti hazihesabiwi kuwa ni kukosekana. Soma tena hapo, mama. Unaweza kukaa Ifakara na Ulanga miezi mitano, ukarudi Liverpool kuchambua vinasaba, ukaja tena, na saa ya ukaazi wako inaendelea kutembea. Na funestus wako hawakomi mvua zinapokwisha. Wanazaliana kwenye maji yasiyokauka, na kiangazi kinapoingia wapo. Unahitaji kuja kwa vipindi virefu, na viza hii inakuruhusu. Ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niwe upande wake.

Ila ijengee kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Kila safari iwe na barua ya mradi inayosema unakwenda wapi, kufanya nini, tangu lini mpaka lini. Harusi, msiba na likizo vinahesabiwa ndani ya zile 180, kwa hiyo usivichanganye na kazi. Tunza hati za mshahara pia, maana ukifika wakati wa ukaazi watataka kuona kipato ulichopata katika fani yako, na ule mtihani wao wa maisha ya Uingereza utaufanya wakati huo huo.

Mimi sitakudanganya kwamba kuondoka kwa wasomi hakuna uchungu. Nimeiona idara yetu ikipungua, mwalimu mmoja baada ya mwingine, na wanafunzi wakibaki na vipindi visivyo na mtu. Kwa hiyo nina sharti, na nalisema kama baba. Kila ruzuku utakayoandika, weka humo nafasi ya mwanafunzi wa uzamili kutoka hapa, na mshahara unaoeleweka wa vijana wanaokesha wakikamata mbu kwenye nyumba za watu. Majina yao yawemo kwenye makala wanapostahili. Ukifanya hivyo, wanaokuita mkimbizi wa taaluma waache waseme. Kama ungekuwa umesomeshwa kwa ufadhili wa Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, ningekuambia rudi kwanza, kwa kuwa wale wanasaini ahadi ya kurudi nyumbani na ahadi ni deni. Wewe ulisomeshwa na chuo chenyewe, hukuweka sahihi ya namna hiyo popote.

Usichanganye ukaazi wa kudumu na uraia. Ukaazi haukuondolei pasipoti yako ya Tanzania. Uraia wa Uingereza ndio utakaokuondolea, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wakenya wamelimaliza hilo kwa Katiba yao ya 2010, sisi bado. Hata shamba la Mikese nililoandika kwa jina lako linahusika, maana sheria ya ardhi ya 1999 haimpi asiye raia haki ya kumiliki ardhi kama anavyopewa raia. Sikukatazi, utakuwa mtu mzima wa kuamua siku hiyo ikifika. Naomba tu usiiharakie. Ukishapata ukaazi, unaweza kukaa nje hadi miaka 2 mfululizo kabla haujapotea, na hiyo inatosha kwa maisha ninayoyaona mbele yako.

Kuhusu Hamisi: mkifunga ndoa anaweza kukufuata kama mwenzi wako na kufanya kazi. Lakini yeye ukaazi wake unahitaji miaka 5, si 3, na ni vizuri alijue hilo leo asije akadhani umemtangulia kwa makusudi. Mketi mlizungumze kabla hujajaza fomu, kwa sababu gharama za mwenzi zinakuja pamoja na za kwako.

Gharama zenyewe si nyepesi. Ada ya huduma ya afya ndiyo nzito kuliko ya viza: pauni 1,035 kwa mwaka, na inalipwa yote kwa mkupuo kwa miaka unayoomba. Unaweza kuomba hadi miaka 5. Muulize mkuu wa mradi na ofisi ya utumishi kama ruzuku inaruhusu kulipia ada hizo, na upate jibu kwa maandishi. Isiporuhusu, niambie, mimi na mama yako tumelizungumza.

Ukishapata barua ya kuidhinishwa una miezi 3 ya kuomba viza yenyewe, basi usiombe idhini katikati ya safari ya Ulanga. Wiki hii fanya mawili tu: ule ukurasa wa ruzuku, na tarehe kamili ya mwisho wa viza uliyonayo. Nitumie vyote kabla ya Jumapili, tutapigiana simu jioni mama yako akiwa ametoka kanisani.

Baba yako