Kwa nini Kaka amekataa kiwanja

Shangazi, shikamoo. Umeuliza kwa nini Kaka, anayelipwa na serikali ya Marekani kila mwezi tangu apooze upande mmoja, hataki kiwanja cha Kibaha kiandikwe jina lake, na kwa nini haji kukaa nyumbani walau miezi mitatu. Nasikia huko mnasema siku hizi anajivuna. Hajivuni.

Hela anayopata inaitwa SSI. Ichukulie kama TASAF: wanapewa wasio na kitu, ili mradi waendelee kutokuwa na kitu. Yule mzee wa Tanga anayepokea ya kwake akiwa barazani kwake anakula SSDI, ambayo ni kama NSSF. Aliifanyia kazi miaka mingi akikatwa mshahara, kwa hiyo hakuna anayemuuliza ana viwanja vingapi. Kaka aliugua kabla hajafikisha miaka ya makato inayotakiwa. Mwaka huu wa 2026 kiwango cha juu cha SSI ya serikali kuu ni dola 994 kwa mwezi. Mkizipiga kwa shilingi mnaona utajiri, wakati huku pango peke yake linaweza kuzimaliza.

Kinachombana hasa ni mali. Hatakiwi kuwa na vitu vya thamani ya zaidi ya dola 2,000, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1989! Nyumba anayoishi mtu na gari moja havihesabiwi. Kiwanja cha Kibaha kinahesabiwa, hata kama ni pori tupu. Ndiyo maana michango ya msiba wa Babu alikataa ipitie akaunti yake: mwezi ukianza pesa zimo, zinahesabika zake mpaka athibitishe vinginevyo. Na akisema apokee kiwanja kisha amgawie mtu bure, kugawa mali namna hiyo kunaweza kumfungia posho hadi miezi 36.

Safari nayo ina mtego wake. Akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo yanasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 mfululizo ndipo yafunguliwe. Miezi mitatu kwenu inaweza kuwa karibu miezi minne bila pango, na mwenye nyumba hana habari na shangazi wa mtu.

Kuhusu mchumba mnayemtafutia: akioa wakaishi pamoja, kipato cha mke kinaingizwa kwenye hesabu. Hata akioa mwenye SSI mwenzake, wawili kwa pamoja wanapewa hadi dola 1,491, siyo 1,988 yaani 994 mara mbili. Wakikaa bila cheti huku wakijitambulisha kwa watu kama mume na mke, ni yale yale. Mimi naiita sheria ya ovyo, inamwadhibu mlemavu kwa kutafuta mwenzi.

Akihamia kwangu bila kulipa, anaweza kukatwa karibu theluthi. Zamani hata ugali niliompikia ulihesabika kuwa msaada. Chakula kimeondolewa kwenye hesabu tangu tarehe 30 Septemba 2024.

Kila badiliko la namna hiyo, iwe anwani, ndoa, kazi, safari au kulazwa, anatakiwa aliripoti kabla tarehe 10 ya mwezi unaofuata haijapita. Akichelewa inakuja barua ya kumdai walichomlipa zaidi, na wanaanza kumkata kila mwezi. Ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 60, au kuomba deni lisamehewe, ila ni makaratasi juu ya makaratasi. Na kinachomtia hofu kuliko hizo dola ni Medicaid, bima inayolipia dawa zake na mazoezi ya viungo. Katika majimbo mengi inakuja pamoja na SSI, na SSI ikikatika nayo inaingia mashakani.

Kwa hiyo kiwanja kiandikwe jina la Mama, au langu. Tiketi yake nitakata mimi, ya wiki tatu, na huyo mchumba asiahidiwe chochote mpaka Kaka mwenyewe afike mkae naye.