Re: Haibiskasi yangu imekauka yote, niing'oe?

Usiing'oe kwanza ndugu! Umesema mashina yote yamekauka baada ya baridi na mimea mingine bustanini imeshachipua, hiyo ni kawaida kabisa kwa haibiskasi inayovumilia baridi, sio kama ile ya nchi za joto, hii inakufa juu mizizi inabaki hai chini na ndo ya mwisho kuamka, mpaka udongo upate joto. Mimi nilishashika jembe kabisa, nikafukua kidogo kwa kidole pale shinani nikakuta vichipukizi vyekundu kama ncha ya penseli, nikafukia haraka.

Hayo mashina makavu kata ubakize kama sm 10 au 15, hupotezi maua maana inachanua kwenye matawi mapya. Ipate jua angalau masaa 6 kwa siku. Na maji jamani, maji! Asili yake ni sehemu za majimaji mashariki mwa Marekani, haiogopi udongo mbichi, ila ikikaukiwa wakati ina vitumba vinadondoka kabla havijafunguka, inauma sana kuona. Weka matandazo yashike unyevu.

Mbolea kiasi tu. Majani yakitoboka toboka geuza uangalie chini yake, mara nyingi kuna viwavi vidogo vya kijani, vitoe kwa mkono.

Ua moja linakaa siku moja tu ila linaweza kufika upana wa sm 25, na kesho linafunguka lingine. Ukiona chipukizi tuletee picha.