RAV4 Kili Time: si zote ni D4
Mkuu umeuliza kama RAV4 Kili Time (RAV4 ya kizazi cha pili) zote zina D4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hapana, si zote. Kili Time za Japani zenye cc 2000 (chesisi inaanza na ACA20 au ACA21) ndizo zina injini ya 1AZ-FSE, yaani hiyo D4 mnayoiogopa. Zenye cc 1800, ZCA25 na ZCA26, zina 1ZZ-FE ya kawaida, petroli haipulizwi ndani ya silinda moja kwa moja, wala hakuna pampu ya presha kubwa ya kukusumbua. Soma kibati ndani ya boneti au kadi ya gari, usisikilize dalali.

Ninayo ZCA26 hapa Moshi, fundi wangu ni wa mtaani tu na anaimudu. Ila jua kwamba hiyo 1800 inavuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Masika yale, kupanda Kibosho huku mlimani kwenye udongo mwekundu, mimi huiacha chini natembea kwa mguu. Kama shamba liko juu huko, afadhali Miss Tanzania (RAV4 iliyofuata Kili Time) ya ACA31, inavuta magurudumu yote manne, injini ni 2AZ ya cc 2400, haina D4. Hiyo nayo chomoa kijiti cha oili uone kiwango kabla hujalipa, 2AZ zinajulikana kwa kunywa oili, na gia yake ni CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za gia), usikubali imwagiwe ATF, yaani oili ya gia otomatiki ya kawaida.