Ubao wa mawimbi umevunjika: utengenezwe au ununue mwingine?

Pole sana ndugu. Umesema ubao wako wa kuteleza juu ya mawimbi umepata mkunjo katikati ulipoangukiwa na wimbi, na hujui uutengeneze au uuage.

Kwanza usiuingize tena majini, hata kwa dakika tano. Povu la ndani likinyonya maji ubao huwa mzito, na kuukausha ni kazi ya siku nyingi. Usimamishe kivulini, ufa ukiwa chini, maji yachuruzike.

Ukikauka, utazame ule ufito wa mbao unaopita katikati. Ukiwa mzima na mkunjo uko upande mmoja tu, tengeneza bila wasiwasi. Kisha bonyeza kwa kidole gumba pale unaposimama: ganda likibonyea na kurudi, limeachana na povu. Sehemu ndogo hutibika, lakini likiwa limeachana sehemu kubwa, mimi ningeacha. Ubao ukiwa umekatika vipande viwili unaweza kuungwa, ila utaongezeka uzito na kukakamaa pale kwenye kiungo. Kwa anayejifunza si neno. Kwa mawimbi makubwa siutaki kabisa.

Jambo moja nakusihi: ujue povu lako ni la aina gani, polistirini au poliurethani, kabla ya kununua resini, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Resini ya poliesta huyeyusha povu la polistirini, yaani unamimina na shimo linapanuka ukiliona. Hilo linataka resini ya epoksi. Usipokuwa na hakika, tumia epoksi, inakubali povu zote mbili.

Ukiambiwa matengenezo yatafika nusu ya bei ya ubao mwingine uliotumika, nunua huo.