Mtarajali mpya, pima presha mikono yote miwili

Wewe unayeanza wodi ya upasuaji hapa Dodoma, ateri ya mkono iliyoziba utaiona mara chache kuliko ya mguu, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anakwambia mkono wa kushoto unachoka akipogoa, akipumzika unapona. Watu humwandikia dawa ya maumivu. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Pima mikono yote. Namba ya juu ya presha ikipishana kwa 15 au zaidi kati ya mikono, fikiria ateri iliyo chini ya mtulinga. Ya kushoto huziba zaidi. Muulize kama hupata kizunguzungu anapoutumia mkono huo, kwa sababu damu inayopanda kwenye ubongo kwa nyuma ya shingo huweza kugeuka ikashuka kuulisha mkono. Presha yake halisi ni ile kubwa. Ukitumia ile ndogo pekee, utamwacha na presha bila matibabu.

Wapo wanaopanuliwa ateri kwa puto. Wengine hutengenezewa njia ya pembeni: mrija bandia kutoka ateri ya shingo hadi ile ya chini ya mtulinga. Penye kuziba chini ya bega, njia iliyotengenezwa kwa vena ya mguu hudumu zaidi kuliko mrija bandia, kwa hiyo kagua na kidonda cha mguuni vena ilipotolewa. Msichana asiye na mapigo mkononi huenda kuta za ateri zake zina uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Huo hutulizwa kwanza kwa dawa.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji ndio wako. Shika mapigo ya kifundo cha mkono kila saa, tazama rangi, mwambie achezeshe vidole. Juni na Julai upepo wetu hupoza viganja vya kila mtu, kwa hiyo linganisha na mkono wa pili. Akilalamika maumivu makali unaponyoosha vidole vyake, misuli inabanwa ndani: mpigie daktari bingwa hapo hapo. Shingo ikivimba, vivyo hivyo.

Mkono uliopoa ghafla, mweupe, na moyo unapiga ovyo, ni donge la damu. Huyo hasubiri asubuhi. Muda wa kuuokoa huhesabiwa kwa saa chache.

Anaporuhusiwa, mweleze aspirini na kuacha tumbaku. Kwenye kadi yake andika mkono wa kupimia presha, maana zahanati ya kijijini hawana faili lako.